Ekseli na Rangi ya Mlango wa Jikoni

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Wifi yako anasumbuliwa na jino, mtoto wetu mkubwa amepata kazi, na mimi nimepandishwa cheo: sasa ni Mkaguzi Mkuu wa Ajali katika kampuni yetu ya bima. Magari mawili yakigongana, wenyewe wanaweza kubishana mpaka wachoke. Neno la nani mwenye kosa ni langu. Natumaini Mama hajambo na goti lake limetulia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Gari la marehemu baba limekubaliwa kuingia kwenye maonyesho ya magari ya kale mwezi wa nane. Bodi umeipaka vizuri, kwa picha ulizonitumia sina neno. Lakini nimeambiwa waamuzi hawaangalii juu tu. Wana kioo chenye mpini mrefu, wanakisukuma chini ya gari, na cha kwanza kutazamwa ni ekseli ya nyuma. Naomba uisafishe na kuipaka upya rangi nyeusi ya kung'aa. Usihangaike kuishusha. Futa vumbi, paka juu kwa juu. Grisi iliyoganda imekilinda chuma miaka yote hii, hakuna sababu ya kuichokonoa, hasa upande wa kushoto ambako pamebana.

Humu ndani kuna ukurasa wa historia ya gari, nimeuandika mwenyewe. Utabandikwa mbele ya gari watu wausome. Msomee Mama.

Kaka yako,
Mkaguzi Mkuu wa Ajali


19 Februari

Shikamoo kaka. Shikamoo Mkaguzi Mkuu. Na kama cheo hicho kina shikamoo yake ya tatu, nayo ipokee.

Mama hajambo. Goti linamuuma asubuhi, linamsahau mchana, jioni linamkumbuka. Masikio yake yamejifunza kuchagua: ukimwita aje anywe dawa hasikii, ukimsema chumba cha pili anakujibu. Mimi ni mzima. Gereji ina kazi, na kucha zangu zina rangi ya kila mteja wa wiki hii. Mpe wifi pole ya jino.

Kuhusu kupaka juu kwa juu: kaka, wewe ukiamka unajipaka mafuta kwanza halafu ndiyo unanawa? Hii ndiyo kazi yangu. Rangi ukiipaka juu ya grisi inabanduka kabla hujarudisha brashi kwenye kopo, na hao watu wako wa kioo watauliza fundi alikuwa nani. Hawatauliza mkaguzi alikuwa nani. Kwa hiyo ekseli imeshuka. Nimelipandisha gari kwenye stendi, nikatoa magurudumu, nikafungua mabomba ya breki na kuyaziba midomo. Nati za springi niliziloweka mafuta siku mbili ndipo zikakubali mazungumzo. Jumatatu ikashuka nzima juu ya jeki, na lile tumbo lake la katikati, difu, limevaa grisi nene kama godoro. Sasa imelala uani juu ya meza. Mama anaipita kwa mbali kama mgeni asiyealikwa.

Historia yako nimemsomea. Alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha mpaka nilipofika pale ulipoandika: "Katika maisha yake yote gari hili limepata dhara moja tu, pale shemeji wa mwenye gari, ambaye alikuwa dereva kwa kazi, alipopinda ekseli ya nyuma kwa kusinzia." Akaniambia inatosha. Akaingia chumbani, na mlango akaufunga taratibu, jambo ambalo kwa mama yetu ni baya kuliko kuubamiza.

Kaka, Mjomba ni kaka yake wa pekee. Miaka thelathini na moja hajakanyaga nyumba hii kwa sababu ya hiyo ekseli, na wewe unataka kumbandika ukutani wageni wamsome? Mimi nilikuwa na miaka saba, nakumbuka tu baba akipiga kelele uani na Mjomba akiondoka bila kofia yake. Wewe ulikuwa na kumi na tisa. Lazima unakumbuka zaidi.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Huku mvua zimeanza, na jino la wifi yako limeng'olewa, sasa anaongea kwa tabu kidogo, na nyumba ina utulivu ambao sikuuzoea.

Nimesikitika kusikia umeishusha. Nilikuelekeza vizuri. Hata hivyo, kwa kuwa imeshashuka, nimekutumia kwa basi kopo la rangi nyeusi na brashi mbili mpya. Paka wiki hii. Usiikwangue sana, chuma cha zamani ukikikwangua sana kinachoka.

Kuhusu historia, historia ni historia. Kazini kwangu hatubadilishi ripoti kwa sababu mtu amefunga mlango taratibu. Sikumbuki mengi zaidi ya hayo.

Msalimie Mama.

Kaka


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo ya leo nimeiweka kabatini. Ukiistahili utapewa.

Mama hajambo, goti ni lile lile. Kopo limefika, brashi zimefika. Chuma kuchoka kwa kukwanguliwa sijawahi kusikia, lakini mimi sina cheo.

Nimeikwangua. Nilianza na kijiti bapa, magamba ya grisi yakajaza ndoo mbili. Nikaiosha kwa mafuta ya taa mara tatu. Kile kitundu cha juu cha kupumulia nilikiziba kwanza kwa kipande cha mti ili uchafu usiingie ndani, nisije nikafanya kama wale wanaokipaka rangi kikaziba, halafu wanashangaa mafuta yanatokea kwenye magurudumu. Kisha nikashika brashi ya waya. Upande wa kulia: rangi nyeusi ya baba, chini yake chuma kizuri. Katikati: nyeusi, chuma. Upande wa kushoto, pale ulipopaonea huruma kwa kuwa pamebana: nyeusi, na chini ya nyeusi, kaka, kijani.

Kijani eneo la kiganja kimoja. Nilikaa kwenye ndoo nikakitazama. Nikabandua kipande, nikakipeleka kwenye mlango wa jikoni, nikakiweka juu yake. Kikapotea. Ni rangi ile ile, ile uliyoupaka wewe mlango likizo baba aliposafiri, ukajisifia mpaka tukachoka. Nayo ina michanga ndani, kama mtu aliipaka akairushia vumbi ikiwa mbichi ili ionekane ya siku nyingi.

Chini ya kijani kuna mshono wa kuchomelea. Nimeona mishono mibaya, lakini huu unaonekana umepigwa na mtu aliyekuwa anatazama barabarani kama kuna anayekuja. Bomba la ekseli lilipasuka, likaungwa likiwa limepinda, likafunikwa. Baba gari lile alilifuta kwa leso yake mwenyewe. Yeye asingelipaka rangi ya mlango.

Mkaguzi Mkuu, umekagua ajali miaka ishirini na mitano. Naomba ripoti yako.

Mdogo wako


10 Mei

Kaka,

Umepiga kimya wiki tano. Nimekupigia simu mara mbili, ukaniambia uko kwenye kikao. Mara ya pili ilikuwa Jumapili. Ndiyo maana naandika. Simu unaikata, barua itakaa mezani kwako ikikutolea macho.

Mama ana mafua kidogo. Ekseli nimeipaka praima nyekundu, ile rangi ya msingi, mara mbili, kasoro kile kiganja.

Nilikwenda kumtembelea Mjomba. Anaishi chumba kimoja nyuma ya ghala, kitanda kimetandikwa kama cha jeshini, na ukutani kuna msumari wenye koti na leseni yake ya udereva ndani ya mfuko wa nailoni. Leseni imekufa zamani, lakini mfuko unabadilishwa. Kazi yake ni kufungua geti. Madereva wanapiga honi, anafungua, wanapita, anafunga. Mtu aliyeendesha basi la wanafunzi miaka tisa bila kumkwaruza hata kuku.

Sikumwambia kitu. Nilimwuliza tu siku ile ilikuwaje. Akasema: "Nililichukua gari kumpeleka mama yenu hospitali. Lilikuwa linavuta upande, nikajua ni tairi. Wakati tunatoka nyumbani mama yenu aliniomba, tukirudi tupitie rangi ya kijani, apake dirisha la jikoni. Alisema ile ya mlango imeisha na hajui imeisha vipi, kopo lilikuwa nusu. Nikarudisha gari. Kesho yake baba yenu karudi safari, kaona gurudumu limelala, tairi limeliwa upande mmoja. Kaniuliza umegonga nini? Nikasema sijagonga. Akasema basi ulisinzia."

Umesikia, Mkaguzi? Kopo lilikwisha kabla Mjomba hajashika usukani. Na dirisha la jikoni ni la kahawia mpaka leo. Miaka thelathini na moja Mama anauliza rangi yake ilikwenda wapi, sisi tunamcheka.

Nilimwuliza kwa nini aliacha basi la wanafunzi, maana baba hakuwa mwajiri wake. Akanijibu: "Mwanangu, mimi sikumbuki kusinzia. Lakini anayesinzia ndiyo hakumbuki, sivyo? Nikawaza, kama niligonga kitu cha kupinda chuma kile na sikuhisi, kesho nitawafanya nini watoto wa watu?" Akaenda mwenyewe kurudisha funguo. Hajashika usukani tena. Miaka yote hii, kaka, alikuwa anajikagua mwenyewe, na hakuwa na mwingine wa kumtia hatiani.

Nimerudi nimelia njia nzima. Sasa cheka, maana mimi leo nimeshindwa kukuchekesha.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu,

Nimesoma barua zako zote. Nimezisoma ofisini, na sikupenda watu wanione nikizisoma.

Sijui unataka nini. Baba amefariki, gari limepona, watu wazima wana maisha yao. Wewe unachimba chuma kama unatafuta maiti. Kijani! Kijani kiko kila mahali. Unamhukumu mtu kwa kiganja kimoja cha rangi? Kazini kwangu ushahidi wa namna hiyo naurudisha kabla sijavaa miwani.

Na Mjomba, kwa heshima yote, hakuna aliyemtuma aache kazi. Baba alikuwa mkali, angepoa. Mtu yeyote angeweza kulipanda lile karavati la mtaro wa njia ya kiwandani, halikuwa na alama wala chokaa, na kona yenyewe inakuja ghafla. Ni bahati mbaya tu. Hakukuwa na haja ya mtu kujinyima maisha.

Paka rangi. Kote. Maonyesho ni tarehe kumi na tatu mwezi wa nane na nimeshawaalika wakubwa zangu.

Msalimie Mama, mwambie ajifunike.

Kaka


15 Juni

Kaka,

Mama mafua yamepona, amejifunika.

Nimeirudia barua yako mara nne, siyo kwa utamu. Karavati gani?

Baba hakuwahi kutaja karavati. Alisema Mjomba alisinzia, basi. Mjomba hajui kama aligonga karavati, mti au mlima, hicho ndicho anachojiuliza tangu hapo. Mama hajui. Mimi sikuandika karavati popote. Nimezipekua nakala zangu. Na hospitali iko upande wa sokoni. Njia ya kiwandani iko upande wa pili kabisa. Halafu unakumbuka mpaka chokaa haikuwepo! Wewe usiyekumbuka mengi. Watu wanaokuja kwako na ripoti za uongo lazima wanakupenda sana.

Basi nisikilize. Sijamwambia Mama wala Mjomba. Sitawaambia, kwa sababu hiyo si kazi ya fundi rangi. Utamwandikia Mjomba mwenyewe, kwa mkono wako, bila muhuri na bila maneno ya ofisini. Ekseli nimeipaka nyeusi yako, tabaka tatu, nimeipiga msasa laini katikati, inang'aa mpaka unaweza kujinyoa mbele yake. Kimebaki kiganja kimoja. Mshono uko wazi, kijani kimeuzunguka. Nimekipaka mafuta mepesi tu kisishike kutu.

Nimeirudisha ekseli chini ya gari, nimefunga breki, nimejaribu. Kila kitu kiko tayari. Lakini gari halitoki uani humu mpaka barua ifike. Ukitaka kuleta wakubwa zako walivute, walete, nina mbwa na nina Mama.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Nilikuwa mimi.

Baba alikuwa amesafiri siku sita. Nilichukua gari siku ya tatu kwenda kumwonyesha binti mmoja, ambaye hata hakutoka nje. Wakati wa kurudi nikapanda karavati. Mchomeleaji wa kando ya barabara aliniunga huku ananihimiza niondoke. Rangi ilikuwa ile tu iliyokuwepo; iliyobaki koponi niliimwaga, na nyeusi nikaipaka juu yake baadaye. Nilipanga kumwambia baba akirudi. Kisha akarudi, akaanza na Mjomba, nami nilikuwa nimesimama mlangoni, brashi kavu mkononi, na nilinyamaza. Siku ya kwanza nilimwogopa baba. Baadaye niliogopa kwamba nilinyamaza jana. Ikawa hivyo kila siku, nikazoea.

Sikujua habari ya basi la wanafunzi. Naapa sikujua. Nilisema moyoni kwamba aliacha kwa hasira. Lakini pia sikuuliza.

Unanicheka kwa kazi yangu. Kila anayekaa mbele yangu na kusema "sikuwa mimi," mimi huwa najua mapema. Wenzangu wananiona nina kipaji.

Humu ndani kuna barua ya Mjomba. Imefungwa, lakini waweza kuisoma. Kuna pia historia mpya ya gari. Jina la mwenye kosa limeandikwa kamili, kwa herufi kubwa. Ikibidi wakubwa zangu wasome, wasome.

Sasa paka pale palipobaki.

Kaka


4 Agosti

Kaka,

Barua ya Mjomba sikuifungua. Nilimpelekea getini. Aliisoma amesimama, lori limekuja likapiga honi, hakulifungulia. Dereva akashuka kuja kugomba, akamwona uso, akafungua geti mwenyewe.

Alipomaliza hakukutaja. Aliniuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo sikulala?"

Nikamwambia, "Hukulala, Mjomba."

Akaikunja, akaitia kwenye ule mfuko wa leseni.

Jumamosi akaja. Alisimama nje ya mlango mpaka Mama mwenyewe, na goti lake, akatoka kumshika mkono. Sitakuandikia walivyosalimiana, hukuwepo na hukustahili. Nikamsomea Mama historia mpya yote. Akasema, "Kumbe rangi yangu iko chini ya gari." Mjomba akacheka mpaka akajishika mbavu, akageuka ukutani, na huko ukutani hakuwa anacheka tena.

Kisha akataka kuona. Nikatandika boksi chini, akalala chali na miaka yake sabini na mbili, nikamshikia tochi. Akapapasa mshono kwa kidole. Akasema mchomeleaji alikuwa mwizi, na mpakaji alikuwa na haraka. Alipotoka nilimpa funguo. Alizitazama sana. Leseni imekufa, kwa hiyo hakutoka nje ya geti, hilo alilisema yeye. Alizunguka uani mara saba, gia ya kwanza, Mama ameketi mbele amevaa miwani ya jua, ananipungia kila wakipita kama anasafiri. Mara ya saba akasimamisha pale pale alipoanzia, kwa ulaini, hata kikombe kisingemwagika. Akavuta breki ya mkono na kukaa kidogo ameshika usukani. Akasema linavuta kidogo kushoto bado.

Sasa kuhusu kupaka pale palipobaki. Mjomba amenikataza mimi kupaka. Mama naye ana agizo: uje na kopo la kijani, dirisha lake limesubiri vya kutosha. Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ukifika Jumatano, rangi itakauka. Njoo na nguo za kazi, tai iache huko. Boksi nimeliweka, brashi nimeiloweka, kopo lako jeusi lina kiasi cha kiganja kimoja. Utalala chali uani, kaka, na utapaka mwenyewe.

Mjomba amesema atakushikia tochi.

Shikamoo.

Mdogo wako